Heri Ungeoa

Nimeshika mikono ya wanaume wengi kuliko mke wangu alivyoshika yangu, na karibu yote ilinitia kinyaa. Mimi ni dalali wa mifugo katika soko la Garissa. Kwetu bei ya ng'ombe haitajwi kwa mdomo. Madalali wawili husimama uso kwa uso, mmoja akatupa shuka juu ya mikono yao, wakashikana chini yake na vidole vikaanza kusema. Kidole kukunjwa kuna maana yake, ngumi ina maana yake, kukwaruzwa kiganja nako kuna maana yake. Walioko pembeni huona nyuso tu, na uso wa dalali unatakiwa uwe mkavu, kama wa mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Mwenye ng'ombe, ambaye pengine amewaswaga kutoka upande wa Liboi kwa miguu, husimama hapo hapo akitutazama machoni, huku mali yake ikiamuliwa chini ya kitambaa.

Watu hudhani kazi ya udalali ni maneno. Ni ngozi ya watu wengine. Kuna mkono wa jasho, ule unaoteleza mpaka hujui umeshika kidole gani. Kuna mkono uliotoka sasa hivi kuchambua miraa, bado una unyevu wa mdomo. Kuna bwana mmoja anayefuga kucha ya kidole cha mwisho, ndefu na ya manjano, na sijawahi kuthubutu kumuuliza anaifugia nini. Na yuko mwenzetu mwingine, mtu mzito, haji sokoni bila mafua, anayepenga kamasi kwa vidole, akavipangusa kwenye shuka, kisha akalitupa shuka lile lile juu ya mikono yetu na kuniambia bismillahi. Nami nikaingiza mkono.

Nilivumilia hayo tangu ujana. Kinyaa chenyewe kilinijia nilipopita hamsini, umri ambao rika langu lote lilipaka ndevu hina. Walikaa barazani na videvu vyao vyekundu, wakasifiana, na baada ya hina wakaoa tena. Kila msimu mmoja wao alitoweka kidogo akarudi na shati jipya na uchovu usoni, nasi tukampa mkono wa heri. Walinitania kwamba mimi nachelewa nini. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kunusa viganja vyangu, na sikuwa na namna ya kuwaeleza.

Siku moja baada ya soko tuliingia hotelini, tukaletewa sinia la wali na nyama ya mbuzi. Nilinawa. Nilinawa tena. Nikakata tonge, nikalipeleka mdomoni, na likasimama pale. Harufu ya mikono ya watu wote niliowashika asubuhi ile ilikuwa imekaa kwenye wali. Nikalirudisha tonge kwenye sinia, jambo la aibu kubwa, nikamwomba mhudumu kijiko. Meza nzima ikaangua kicheko. Mtu mzima, Msomali, anakula wali kwa kijiko kama mgonjwa wa wodini! Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nataka kulia, na sijui kwa nini nilikumbuka makubazi.

Nilipokuwa mdogo, huko malishoni upande wa Masalani, nilimkatia mama yangu makubazi ya ngozi ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amekufa kwa ukame, na ngozi ilikuwa imetandikwa tu juani. Nilikata nyayo mbili kwa kisu cha kuchinjia, nikatoboa matundu kwa mwiba, nikapitisha kamba za ngozi ile ile. Yalikuwa yamepinda, la kushoto kubwa kuliko la kulia, lakini mama aliyavaa na kutembea nayo mbele ya nyumba, akicheka. Baba alipoyaona aliyavua mwenyewe miguuni mwa mama na kuyatia motoni. Kisha akanisugua mikono kwa majivu mpaka ikawasha. Akaniambia mkono wangu ni wa kushika fimbo, na kwamba nikiurudia upuuzi ule watu watadhani nimezaliwa nyumba nyingine.

Nyumba nyingine aliyoisema ni ya watu wa ngozi. Msomaji wa mbali labda hajui, basi nieleze mara moja tu kwa sababu hata kueleza kunanichefua. Miongoni mwetu, sisi tunaojisifu kwamba ni watu wa dini moja, lugha moja na maziwa yale yale ya ngamia, kuna koo ambazo kazi yao ni kutengeneza ngozi na kushona viatu, na kwa sababu hiyo hazioi kwetu wala hatuoi kwao. Msikitini tunasimama nao bega kwa bega. Sheikh anatufundisha kwamba ngozi ikishatengenezwa ni twahara, tunaitikia kwa vichwa, na tukitoka nje kila mtu anarudi kwenye sinia lake. Viatu vyao tunavaa. Sisi ndio tunaonuka.

Basi baada ya siku ya kijiko niliamua. Nilitaka kujifunza kazi ya ngozi kabla sijazeeka, nikate, nishone, nitoe jozi moja nzuri ya makubazi ambayo mtu ataivaa akatembea. Si jambo kubwa. Wenzangu walitaka wake wabichi, mimi nilitaka kipande cha ngozi na sindano nene. Nilimwambia mke wangu asubuhi, tukinywa chai, watoto wametoka.

"Nina jambo la kukwambia," nikasema.

Akaweka birika chini polepole. Alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo tangu mwenzangu wa kwanza alipopaka hina.

"Wa wapi?"

"Nani?"

"Huyo msichana."

"Hakuna msichana. Nataka kujifunza kushona viatu. Kazi ya ngozi."

Akatafuta mzaha usoni mwangu. Alipoukosa akashika kichwa. "Istaghfirullah," akasema. "Heri ungeoa."

Nilicheka, akanikatiza. "Usicheke. Mke wa pili ningegombana naye, angezaa, tungezoeana. Hii nitamwambia nani? Nitasema mume wangu yuko wapi, yuko kwa nani?" Kisha akasema lile ambalo nilijua atalisema. "Na mtoto wako? Watu wako njiani."

Binti yetu alikuwa anamaliza masomo ya chuo kikuu hapa mjini. Kijana mmoja wa upande wa Masalani, wa nyumba ya heshima na ng'ombe wengi, alikuwa amemtaka, naye binti alimtaka pia. Hilo la pili ndilo lililoniuma, kwa sababu nimeona wasichana wengi wakipewa mtu wasiyemtaka, na huyu wangu alikuwa akipika huku akiimba. Wazee wa kijana walikuwa waje kuposa baada ya mvua. Mke wangu aliniambia waziwazi kwamba wakisikia baba wa msichana anakwangua ngozi, hawatafunga safari. Nilimwambia hakuna atakayejua. Aliguna. Garissa hii, mtu akinunua godoro jipya asubuhi, jioni anapongezwa.

Fundi niliyemwendea ana kibanda cha mabati karibu na mto, upande wa chini wa mji. Ni mzee kunizidi, sikio moja halisikii, na ana tabia ya kuwasha redio kwa sauti ya juu halafu akalalamika kuhusu kelele. Nimemletea viatu miaka mingi. Niliporudi safari hii na kusimama mbele yake ndipo niligundua kwamba sikujua nimwite nani. Kwetu mtu mzima haitwi hivi hivi. Sokoni namwita utingo wa lori abti, mjomba. Askari wa kizuizi cha barabarani namwita walaal, ndugu, hata anapokagua mifuko yangu kwa dharau. Mzee yeyote nisiyemjua ni adeer, baba mdogo. Huyu miaka yote tulimwita "waryaa" tu, neno la kumwitia mtu wa mbali au mtoto anayechezea maji, na kiatu tukakitupa miguuni pake.

"Adeer," nikasema.

Aligeuka nyuma kuangalia nani ameingia. Hapakuwa na mtu. Nikarudia. Akapunguza redio, akanikazia macho kwa mashaka, kama niliyekuja kumkopa.

Nilimweleza haja yangu. Alinisikiliza huku akipitisha uzi kwenye nta, hakuonyesha kufurahi hata kidogo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya udugu na Uislamu, nikayasema yote. Alipochoka nayo akauliza:

"Una binti?"

"Ninaye."

"Ameolewa?"

"Bado."

"Mimi nina kijana. Ana afya, anaswali, anafanya biashara Dadaab. Maadamu leo nimekuwa adeer wako, nikija kwako kumposea, utanipa?"

Nataka niseme ukweli kuhusu wakati ule. Sikufikiri. Kinyaa kile kile kilichokuja na lile tonge la wali kikafika usoni kabla sijakizuia. Nimeufunza uso huu usiseme kitu. Nimesimama mbele ya wanunuzi wa Nairobi na wafugaji wenye njaa na haukusema kitu. Mbele ya mzee yule ulisema kila kitu, na aliusoma mpaka mwisho.

Akacheka kicheko kikavu. "Tulia. Kijana wangu ana mke na watoto. Nilitaka kuangalia tu." Akaurudisha uzi kwenye nta. "Kazi hii mlituachia kwa sababu inanuka. Sasa na hii mnaitaka?"

Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia yule mpenga kamasi. Nilisimama niondoke, na nadhani ningeondoka kweli, lakini mzee alikuwa na shida yake. Wanawe hawataki kunusa ngozi, mgongo wake umekufa, na ngozi za machinjioni zilikuwa zimerundikana nyuma ya kibanda. Akanisogezea kisu kipana kwa mguu. "Kushona sikufundishi," akasema. "Kukwangua hakufundishwi. Nenda nyuma."

Nyuma kulikuwa na jehanamu ndogo. Ngozi zilizotiwa chumvi zimekunjwa, na ndani ya mikunjo mafuta ya manjano, vipande vya nyama vilivyogeuka rangi, na funza, funza wanono wanaotembea bila haraka. Nilifunga kitambaa puani. Nilitandika ngozi ya kwanza kwenye gogo, nikasukuma kisu, utando ukatoka mrefu na kuniangukia kwenye mguu. Nikatapika. Nilitapika chai, nikatapika na mate. Mzee alipaza sauti kutoka mbele kwamba nisitapike juu ya mali yake. Nikafuta mdomo, nikaendelea.

Sijielewi mpaka leo, lakini kinyaa kile hakikunidhuru. Uchafu ule niliuona kwa macho. Nilikwangua, ukaisha, na chini yake kukawa na ngozi nyeupe, nzito, safi. Jioni niliosha mikono kwa sabuni ya kipande na mchanga wa mto, nikainusa, ikanuka sabuni na ng'ombe. Nikala kwa mkono. Mke wangu alihamisha sahani yake akakaa mbali nami.

Nilikwenda kila siku isipokuwa siku ya soko. Nilijifunza kuloweka ngozi kwa magome ya mgunga mpaka ikageuka kahawia. Nilijichoma, nilijikata, kucha zangu zikawa nyeusi kwenye ncha. Muda ulipita kabla mzee hajanitupia sindano, na aliponitupia aliniambia mishono yangu ya kwanza ni ya mlevi. Ilikuwa kweli. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.

Sokoni habari ilifika kabla yangu. Nilipotia mkono chini ya shuka, mwenzangu, yule yule wa mafua, aliurudisha wake na kuupangusa kwenye kikoi. Yeye! Mtu ambaye kamasi lake nimelibeba nusu ya maisha yangu! Nilitamani kumtapikia. Dalali mwingine akamgeukia mnunuzi mmoja kutoka Nairobi, Mkikuyu anayetujia kila mwezi, akamwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Huyu msee si dalali tena. Sasa hii ni fundi ya fiatu."

Mnunuzi akanitazama kwa furaha. "Kumbe unajua kushona? Wewe mzee ni noma. Nitengenezee pea moja, namba nane."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana alitutazama mmoja mmoja, akijiuliza amekosea wapi. Nilimpenda siku ile kwa kutojua kwake, na pea yake nilimshonea.

Mvua ilinyesha, ikaisha, na wazee wa Masalani wakafika. Kaka yangu mkubwa alikuja mapema kunipanga. Akaniambia wakiuliza niseme mimi ni dalali, na kwamba huo si uongo maana sokoni bado naenda. Mke wangu alinifukiza ubani mpaka nikakohoa, akanikata kucha yeye mwenyewe, kwa ukali, kama anayemnyoa mbuzi. Binti yangu alipika tangu alfajiri. Nilimsikia jikoni. Hakuimba siku ile, ila nilisikia alivyokuwa akiweka sufuria chini kwa uangalifu.

Walikuwa watu wazuri. Sina ubaya wa kuwasema, na ingekuwa rahisi kama ningekuwa nao. Waliketi, wakasalimu, wakauliza hali ya malisho, chai ya maziwa ikamiminwa na halwa ikawekwa mbele yao. Mkubwa wao, mzee mwenye sauti laini, alinigeukia na kuniuliza kwa adabu kubwa, akinifungulia mlango kabisa.

"Tumesikia umeacha soko, lakini watu wana maneno mengi. Si bado uko kwenye ng'ombe?"

Kaka yangu akakohoa. Jibu lilikuwa pale, fupi, la kweli, na lingemfikisha binti yangu nyumbani kwake. Ndiyo, bado niko kwenye ng'ombe. Nililiweka ulimini. Na ghafla nikahisi nimerudi chini ya shuka, mkono wangu ndani ya mkono laini wa mtu, wenye jasho, na wote waliotuzunguka wakitazama nyuso zetu. Kinyaa kikanipanda.

"Sokoni naenda siku moja," nikasema. "Siku nyingine nashona viatu. Nakwangua ngozi na kushona."

Hakuna aliyepaza sauti. Laiti wangepaza. Mzee akasema Mungu ni mkubwa. Mwingine akaulizia tena mvua ilivyokuwa, swali ambalo tulikuwa tumeshalijibu. Wakakaa muda wa heshima, wakaomba dua fupi isiyotaja mtoto wa mtu, wakasimama. Walinipa mkono wakiwa wamevuta mikono ya kanzu mpaka kwenye vidole. Kaka yangu aliwasindikiza na hakurudi.

Glasi zao zilibaki kwenye mkeka zimejaa. Juu ya chai kulikuwa na utando wa maziwa uliokunjamana, na nzi mmoja akitembea juu yake bila kuzama. Nilikaa nikiutazama. Hawakuonja hata tone, watu waliosafiri kwenye jua. Ndivyo tulivyofunzwa wote.

Binti yangu akaingia kukusanya vyombo. Alikuwa amejitanda mtandio mpya. Alipiga magoti, akaanza kuweka glasi kwenye sinia, na kila aliyoinua aliiangalia. Alipofika kwenye ya mwisho akasema bila kuniangalia:

"Aabo, si ungengoja tu niolewe?"

Nilingoja baba yangu afe ndipo nishike sindano. Alipokufa nikangoja wadogo zangu waolewe. Kisha nikangoja mama, ambaye hakuwahi kuvaa tena kiatu chochote nilichokitengeneza kwa mkono wangu, naye akafa na malapa ya plastiki miguuni. Kisha nikamngoja yeye amalize shule, na dada zake, na ukame wa kwanza, na wa pili. Yote hayo yalikuja mdomoni kwa mpigo. Nilimtazama magotini pale, mtandio wake mpya umeshaingia chai kwenye pindo, na nikaona siwezi kumpa hata moja kati ya hayo alibebe.

"Nimengoja, aabo," nikamwambia. Kwetu baba humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye.

Akabeba sinia nje, na kupitia dirishani nikamsikia akimwaga chai uani, glasi moja baada ya nyingine. Mpaka leo hajaolewa, na mimi mpaka leo nashona.